Kiswahili Hakikunifanya Mwenyeji: Jinsi Tulivyosajili Kampuni Kigoma

Tangu tufungue karakana yetu ya injini za boti hapa Kibirizi, nimeulizwa swali moja mara nyingi kuliko mengine yote, na wanaoniuliza ni vijana wa kwetu Mombasa waliosikia kwamba Ziwa Tanganyika lina boti nyingi na mafundi wachache: je, Mkenya anaweza kuja Kigoma, akasajili kampuni na akafanya kazi yake kwa amani? Huwa najibu kwamba anaweza, kisha naanza kueleza, na maelezo hukatika kwa sababu salio limekwisha au mteja amefika na injini begani. Nimeona heri niyaandike kwa utulivu, nikianza na kosa lililonichelewesha kuliko mengine, ambalo ni kudhani kwamba kwa kuwa nazungumza Kiswahili basi nimefika nyumbani.

Mimi ni mzaliwa wa Likoni, na ufundi niliupata kwa baba. Nilifika Kigoma mara ya kwanza Novemba 2023, kwa treni ya reli ya kati kutoka Dar es Salaam, baada ya binamu yangu anayenunua dagaa wa huku kunielekeza kwa mama mmoja wa Ujiji aliyekuwa na mitumbwi minne na injini mbili zilizokufa. Ya kwanza ilikuwa Yamaha ya nguvu farasi 40. Nilipofungua pampu ya maji nilikuta mapezi ya mpira yameliwa mpaka yamebaki visiki, na ndani ya pampu kulikuwa na mchanga laini kama unga. Kwetu baharini adui wa injini ni chumvi. Hapa maji ni matamu, na adui ni mchanga wa mwaloni, yaani ufukwe wa kuegeshea mitumbwi, kwa sababu wengi huwasha injini kabla mtumbwi haujatoka kwenye kina kifupi, nayo hunyonya mchanga pamoja na maji ya kuipozea. Tulipata pampu ya kuazima, nikaifunga, na mama alipoona maji yanaruka vizuri kutoka kwenye tundu la nyuma aliniambia, "Mwanangu, ukiondoka na ujuzi wako injini hizi zitakuwa za kukalia tu. Kaa hapa, tufanye kazi."

Kazi ile niliifanya kama msaada, sikupokea hata shilingi, na sikuona tatizo lolote. Siku chache baadaye nilikwenda ofisi ya mtaa kuomba barua ya utambulisho ili nipange chumba, jambo ambalo kwetu ningelifanya kwa chifu. Mtendaji wa mtaa alinipokea vizuri, tukasalimiana kwa urefu, akanisifu kwa Kiswahili changu cha Pwani, kisha akaniomba pasipoti na kuniuliza kibali changu ni cha namna gani. Nilimwonyesha muhuri wa mgeni. Alinieleza, kwa sauti ya mtu anayemshauri mdogo wake, kwamba muhuri ule unaniruhusu kutembea, kusalimia ndugu na hata kukagua fursa za biashara, lakini hauniruhusu kushika spana, iwe kwa malipo au kwa hisani. Nilitoka pale nikiwa nimenyamaza, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuahidi kuitazama injini ya pili kesho yake.

Maneno yenyewe pia yalinipoteza. Kwetu Kenya, anayesema ushuru anaweza kuwa na maana ya kila kinacholipwa serikalini, hata mamlaka yenyewe tunaiita Mamlaka ya Ushuru. Huku kodi hulipwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, na mtu akitaja ushuru watu huelewa forodha au tozo za halmashauri. Nilipouliza mwaloni ni wapi kampuni hulipia ushuru wake, nilielekezwa kwa kijana aliyekuwa akikusanya ushuru wa dagaa, nami nikasimama kwenye foleni ya wachuuzi karibu saa nzima. Tangu siku hiyo nimekuwa na desturi ya kumwomba mtu wa ofisini anionyeshe kwa kidole neno analolitaja kwenye fomu, na namshauri kila anayekuja afanye vivyo hivyo.

Jambo la kwanza tulilopaswa kuamua na yule mama ni aina ya chombo tunachokitaka. Kusajili jina la biashara ni rahisi na ni nafuu, na watu wengi wa mjini hapa hufanya hivyo, lakini jina la biashara halimtengi mwenye biashara na madeni yake. Kazi yetu ni ya injini zinazobeba watu usiku juu ya ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika. Injini niliyoitengeneza ikizima mbele ya Mwamgongo wakati upepo umechafuka, dai linaloweza kufuata si la bei ya plagi. Kampuni yenye ukomo wa dhima kwa hisa ni mtu wa kujitegemea mbele ya sheria: ina mali yake, ina madeni yake, na inashitakiwa kwa jina lake. Kwa mtu anayeanza ugenini, asiye na ukoo wa kumsimamia akianguka, naona kinga hiyo ina thamani kuliko gharama zake.

Nilikuja na mawazo ya sheria ya kwetu ya mwaka 2015, ambayo inamruhusu mtu mmoja kusajili kampuni peke yake. Sheria ya Makampuni ya Tanzania ni ya mwaka 2002, na kampuni binafsi tuliyoisajili chini yake ilihitaji wanahisa kuanzia wawili hadi 50, wakurugenzi wasiopungua wawili na katibu wa kampuni. Sikuwa na haja ya kutafuta mtu wa pili, kwa kuwa nilikuwa naye. Lakini nimeshuhudia wageni wakiokota mtu wa kujaza nafasi, dereva wao au mlinzi wa nyumba, na hilo sikubaliani nalo kabisa, kwa sababu mwanahisa ni mwanahisa: ana kura, ana haki ya kuona hesabu, na warithi wake watakuja kuuliza.

Mazungumzo ya hisa tuliyafanya barazani kwake Ujiji, jioni tatu mfululizo, mbele ya wanawe wawili na kaka yake. Yeye alikuwa na eneo, wateja na sehemu ya fedha. Mimi nilikuwa na vifaa, ufundi na fedha iliyobaki. Tulikubaliana mtaji wa shilingi milioni 20 uliogawanywa katika hisa 200 za shilingi 100,000 kila moja, 110 zangu na 90 zake. Jambo lililotuchukua muda mrefu halikuwa mgawanyo huo. Lilikuwa swali la kaka yake: mgeni akirudi kwao, au akifukuzwa, karakana itakuwa ya nani? Lilinichoma, nakiri, lakini lilikuwa swali la haki. Tuliandika katika katiba ya kampuni kwamba nikishindwa kuishi nchini kwa sababu yoyote kwa muda wa miezi 12, yeye atakuwa na haki ya kwanza ya kununua hisa zangu kwa bei itakayopangwa na mthamini tuliyekubaliana, na kwamba yeye akifariki, hisa zake zitakwenda kwa wanawe bila mimi kuwa na uwezo wa kuzuia. Nakumbuka mwanawe mkubwa alitaka aya hiyo isomwe mara mbili. Ilisomwa mara mbili.

Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ambao kila mtu anauita BRELA, ulianza kazi mwaka 1999, na kwa sasa maombi yote ya kampuni hupita kwenye mfumo wao wa mtandaoni. Hili ni jambo kubwa kwa mtu wa Kigoma, kwa sababu kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na wazee wa biashara mjini wananisimulia walivyokuwa wakisafiri siku kadhaa kwa ajili ya saini moja. Sisi tulijaza kila kitu tukiwa kwenye chumba cha wakili kilichoko Barabara ya Lumumba. Jina tulilolipenda lilikuwa limekwisha kuchukuliwa, la pili lilifanana mno na la kampuni nyingine, na la tatu likapita.

Baada ya jina huja malengo, na hapa niombe msomaji awe makini, kwa sababu ndipo lilipojificha jambo lililotutikisa baadaye. Mfumo unakutaka uchague shughuli za kampuni kwa namba za uainishaji wa kimataifa. Yetu kuu ilikuwa 3315, ambayo ni ukarabati wa vyombo vya usafiri visivyo magari. Mimi nilitaka tuongeze kila kilichonijia kichwani: kuuza spea, kusafirisha abiria, kutembeza watalii hadi Gombe, hata kununua mawese na kuyapeleka Mombasa, kwa kuwa wakati huo nilidhani malengo mengi ni ishara ya kampuni yenye nguvu. Wakili alinieleza kwamba shughuli nyingine zina leseni na mamlaka zake, na kwamba afisa atakayesoma karatasi zangu za kibali ataniuliza fundi wa injini anatafuta nini kwenye mawese. Tulibakiza mbili: ukarabati, na uuzaji wa spea kwa rejareja.

Maombi yetu yalirudishwa mara moja, na kosa lilikuwa letu. Taarifa za raia huchukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye kitambulisho cha taifa, na jina la baba yake mwenzangu kwenye kitambulisho lina herufi "h" ambayo kwenye namba yake ya mlipakodi haipo. Herufi hiyo moja ilitugharimu wiki tatu. Hatukuwa tumeziweka karatasi zake mbili mezani tukazilinganisha, kazi ambayo ingechukua dakika tano. Mimi nilitambulishwa kwa pasipoti, nikahakikisha majina yangu matatu yamekaa kwa mpangilio uleule kwenye kila fomu. Kuna pia tamko la wamiliki manufaa, ambalo liliwekwa na marekebisho ya mwaka 2020 na ambalo linamtaka kila anayenufaika na kampuni kwa hakika ajulikane, hata kama jina lake haliko kwenye hisa. Watu hulijaza haraka haraka. Sisi tulilijaza kama lilivyo: mimi na yeye, hakuna mwingine nyuma yetu.

Anwani ya ofisi lazima iwe ya mahali panapoonekana. Tuliandika namba ya nyumba iliyobandikwa ukutani tangu zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, jina la mtaa na la kata, na mkataba wa pango ukiwa na saini ya mwenye nyumba. Eneo la mama lilikuwa la wazi, la kuegesha mitumbwi tu, hivyo banda la karakana tulilipanga kwa jirani. Mimi mgeni nisingeweza kumiliki ardhi hata kama ningekuwa na fedha, kwa sababu sheria ya ardhi ya 1999 inamruhusu asiye raia kupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa tu. Kupanga kunatosha.

Kuhusu ada, nitaje tulicholipa, kwa sababu kuna vishoka mjini wanaotaja chochote. Kwa mtaji unaozidi milioni 5 na usiozidi milioni 20, ada ya usajili ilikuwa shilingi 260,000, kuwasilisha nyaraka ni 66,000, stempu 6,200. Jumla 332,200, na yote tuliyalipa kwa simu kwa namba ya malipo, ile ambayo huku huitwa kontroli namba. Kabla ya hapo mtu mmoja aliyejitambulisha kama mzoefu wa ofisi za serikali alikuwa amechukua kwangu shilingi 450,000 akidai kunipatia "kampuni na leseni kwa pamoja", akaniletea karatasi yenye muhuri uliofifia, isiyo na alama yoyote ya kuhakikisha. Fedha hiyo sikuipata tena. Malipo halali yote niliyofanya tangu hapo yalikuwa na namba ya malipo iliyotoka kwenye mfumo, yenye jina la taasisi inayolipwa, na hilo ndilo ninalomwambia kila mgeni alitazame kabla hajabonyeza simu.

Hati ya usajili ilitoka Aprili 2024, ikiwa ni faili ya kupakua, si karatasi. Mwenzangu aliomba ichapwe kwa rangi, akaiweka kwenye fremu, akaitundika sebuleni kwake Ujiji, mahali ambapo wajukuu wanaiona. Mimi nilidhani tumemaliza. Kumbe tulikuwa tumefika mlangoni tu.

TRA walitupa namba ya mlipakodi ya kampuni bila malipo, baada ya kupokea hati, mkataba wa pango, barua ya mtaa na alama za vidole. Kisha wakatutaka tutoe makadirio ya mapato ya mwaka, ambayo kodi yake hulipwa kwa awamu nne, kila mwisho wa miezi mitatu. Hapa ndipo nilipojifunza kulisoma ziwa kama mhasibu. Uvuvi wa dagaa ni wa taa, na siku za mbalamwezi mitumbwi hukaa nchi kavu kwa sababu samaki hawafuati taa wakati mwezi unaangaza maji yote. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo mvuvi hana fedha ya kumlipa fundi, ingawa ndizo siku ambazo injini yake inapatikana kufanyiwa kazi. Juu ya hilo, mwaka huo ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Kama ningekadiria mapato kwa kuzidisha wiki moja nzuri mara 52, kama nilivyokuwa nimeandika kwenye daftari langu, tungelipa kodi ya fedha ambayo haikuwa na pa kutokea. Nilikaa na afisa nikiwa na daftari hilo, tukatoa miezi iliyofungwa, tukatoa siku za mbalamwezi, tukabaki na makadirio ambayo kampuni iliyaweza. Alisikiliza kwa makini, akauliza maswali ya mtu anayelijua ziwa, na namshukuru.

Jambo moja la kodi linawashtua wengi nalo ni la pango. Kampuni inayopanga hutakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha TRA, na mkataba wenyewe hulipiwa stempu ya asilimia 1. Banda letu lilikuwa shilingi 300,000 kwa mwezi, yaani 3,600,000 kwa mwaka, kwa hiyo 360,000 zilipaswa kuzuiwa na 36,000 zikawa za stempu. Mwenye nyumba alikuwa hajawahi kusikia habari hiyo, akahisi tunamdhulumu, na ilibidi twende naye ofisini akaambiwe na wenye mamlaka. Mgeni akilijua hili kabla ya kupatana bei atajiepusha na ugomvi na mtu ambaye atamhitaji kila siku.

Vibali ndivyo vilivyochukua muda mrefu, na muda huo niliukaa Likoni, kwa sababu sikutaka kusimama karakanani bila haki. Tanzania hutenganisha ruhusa ya kufanya kazi, inayotolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015, na ruhusa ya kuishi, inayotolewa na Uhamiaji. Ya kuishi ina madaraja: A kwa mwenye mtaji wake au anayejiajiri, B kwa mwajiriwa, C kwa wengine kama wanafunzi na watafiti. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ambayo imekuwa ikitumika tangu 1 Julai 2010, inatupa sisi raia wa nchi wanachama haki ya kuanzisha biashara katika nchi nyingine, lakini haifuti vibali hivyo. Kwenye foleni nilikutana na watu walioambiwa kwamba bila dola 500,000 mgeni hawezi kusajili kampuni. Kiasi hicho kilikuwa kiwango cha chini kwa mwekezaji wa nje anayetaka cheti cha vivutio kutoka kituo cha uwekezaji, na kusajili kampuni ni jambo jingine kabisa. Ninasikitika nikifikiria wangapi wamerudi kwao kwa sababu ya sentensi hiyo moja.

Leseni ya biashara ilitoka Manispaa ya Kigoma Ujiji katikati ya Septemba 2024, ya mwaka mmoja. Tulijisajili NSSF kwa ajili ya mafundi wawili tuliowaajiri, tukajisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, tukafungua akaunti ya benki kwa azimio la bodi lenye saini zetu wote wawili, na Oktoba tukafungua milango. Wiki ya kwanza tulipokea injini kumi na moja.

Tulifanya kazi vizuri kwa miezi tisa. Tarehe 28 Julai 2025 ikatoka amri ya waziri wa viwanda na biashara inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Nilipata habari nikiwa nimelala chini ya mtumbwi, mmoja wa mafundi akinisomea kutoka kwenye simu yake, na kila aliposoma aina moja alisimama kidogo kunitazama. Biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa maduka makubwa na vituo maalumu. Huduma za fedha kwa simu. Ukarabati wa simu na vifaa vya kielektroniki. Saluni. Usafi. Uchimbaji mdogo. Kuongoza watalii. Udalali. Uwakala wa forodha. Kununua mazao shambani. Viwanda vidogo. Ukarabati wa injini za boti haukutajwa. Rejareja ilitajwa mwanzo kabisa, na rafu yetu ya spea ilikuwa rejareja. Adhabu kwa asiye raia ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia mgeni kuvunja amri hiyo naye ana faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu.

Kwetu Kenya kulikuwa na malalamiko makubwa, na mimi mwenyewe naona amri hii inagongana na roho ya soko tuliloahidiana mwaka 2010. Lakini pia nimewaona mama wa Soko la Mwanga wanaouza vitu vidogo vidogo, nami naelewa kwa nini mtu atake walindwe. Vyovyote vile, mgeni hawezi kuishi kwa maoni yake. Leseni zilizokuwa hai ziliruhusiwa kuendelea hadi muda wake uishe, na yetu ilikuwa na wiki saba.

Ndani ya wiki hizo walinijia watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na ushauri uleule: acha duka kama lilivyo, andika jina la mama juu yake, fedha ziendelee kuingia kwako. Wawili walikuwa wenyeji na mmoja mgeni mwenzangu. Walisema kwa nia njema, na sitaki kuwasema vibaya. Ila nilikuwa nimeapa mbele ya wakili kwamba hakuna mtu nyuma ya majina yetu, na ningekuwa namuweka mwanamke aliyenipokea kama mwanawe kwenye hatari ya kufungwa miezi mitatu ili mimi nipate faida ya plagi na gasketi. Nilikwenda Ujiji, nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza yote, hata ushauri ule. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Na ukilitoa duka, karakana itakula nini siku za mbalamwezi?" Nilimwambia kwamba itakula kidogo. Akasema, "Basi tutakula kidogo."

Tulihesabu spea zote, kipande kwa kipande, usiku mmoja mzima, tukiandika bei ya kununulia. Alisajili jina la biashara lake mwenyewe, akanunua shehena yote kutoka kwa kampuni kwa mkataba na kwa malipo ya miezi sita, akakodi chumba cha pili mkabala na karakana, na binti yake ndiye anayekaa dukani. Kampuni ilipitisha azimio la kuondoa uuzaji wa rejareja kwenye shughuli zake, nasi tukawasilisha mabadiliko hayo. Leseni mpya ya Septemba imetaja ukarabati peke yake. Hesabu za kampuni zimepungua, na nafasi ya kukaa na wateja wakichagua spea, ambayo niliipenda, imehamia ng'ambo ya njia.

Siku ya kwanza ya duka lake alikuja nahodha wa boti ya abiria ya Kagunga, injini yake ikiwa inakata moto. Nilifungua plagi nikakuta ncha imeungua na kuwa nyeusi, nikavuka njia na kuomba plagi mbili. Binti alizitoa kwenye rafu niliyoipigilia misumari mimi mwenyewe mwaka uliopita, akaniuliza risiti iandikwe kwa jina gani. Nilimtajia jina la kampuni, akaliandika, nikalipa, na risiti hiyo nimeiweka kwenye jalada la hesabu za mwaka 2025, ikiwa ya kwanza chini ya ukurasa wa manunuzi.